Sikukata, Nilikubali

Mbale, tarehe 9 Februari 1988

Kwako Bi Roselyn Akoth wa ukurasa wa ushauri,

Mshauri mpendwa, msaada ninaouomba ni mdogo, maana mambo mengi nayajua mwenyewe, mimi ni Zubairi Kirunda, fundi wa cherehani hapa Namakwekwe, ukishuka Mbale ukauliza fundi Zubairi hata wagomvi wangu watakuonyesha njia, na gazeti lenu mimi sinunui lakini nalipata, kuna dereva wa lori wa huko kwenu Kenya anaitwa Cleophas, ananiletea ya zamani nikatie umbo la mikono ya kanzu, na kabla sijapitisha mkasi huwa nasoma ukurasa wako, polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu shule niliacha darasa la pili, si kwa ujinga, mwalimu aliona nimeshamaliza akili zake. Naona unavyowagombeza watu wazima na wanakusikia. Hiyo naipenda. Lakini mimi usinigombeze, mimi nataka maneno tu.

Kwanza unijue. Nimezaliwa Jinja, Msoga, Mwislamu, na nguo za askari nilianza kuzishona pale kambini Jinja wakati Mwingereza yupo, makoti, suruali, kofia, na Kiswahili nilikipata pale pale kwenye sindano, si kwenye kitabu, Kiswahili cha amri, ukisema kitu kimoja kinaeleweka kimoja. Mwaka wa sabini na tisa vita ilipofika duka langu likavunjwa, tukaondoka kwa miguu mimi na Hajara mke wangu, cherehani nimeibeba kichwani, na kwenye kizuizi karibu na Iganga askari wa Tanzania wakatusimamisha, wanatazama kofia yangu, wanatazama kanzu, mmoja ameshakoki bunduki, nikamwambia, Afande, mimi fundi, na shati lako limefumuka kwapani, nipe nafasi nilishone. Akacheka mpaka akakaa chini, akawaambia wenzake, huyu mzee anaongea kama babu yangu wa Tabora. Nikamshonea pale pale barabarani, tukapita. Kwa hiyo uelewe Bi Roselyn, Kiswahili hiki si nguo ya kuazima. Kimevusha roho yangu na roho ya mke wangu.

Sasa kesi. Mwaka jana, katikati ya vurugu hizi za upande wa Teso, alikuja askari anaitwa Sebit, mpole, amekonda, ana makoti manne ya jeshi, lake na ya wenzake, moja mkono umechanika, mengine hayana vifungo, akasema, Fundi, nitengenezee, tunahamishwa Jinja lakini wiki ijayo nakuja. Nikayakubali. Kwangu mimi kazi ni mbili tu, kuna kazi ya kukubali na kuna kazi ya kukata. Kazi ya kukubali, nguo ya mtu inabaki nguo ile ile, unashona palipochanika. Kazi ya kukata, unapitisha mkasi inakuwa nguo nyingine. Na nguo ya jeshi haikatwi, kila fundi anajua hiyo, kuna mafundi hapa walikata makoti ya askari wakashona suruali za watoto wakakamatwa, mimi sijakata hata moja. Nikashona, nikaweka vifungo, na kila koti nikabania kwa ndani ya kola kipande cha kitambaa kimeandikwa SEBIT kwa wino, kama ninavyofanya nguo zote za wateja, nikayatundika ukutani. Sebit hakurudi.

Baadaye watu waliovaa sare za jeshi wakavamia nyumba huko Malukhu, polisi wakaanza kupekua mafundi wote, wakakuta makoti yangu manne yananing'inia mbele ya dunia nzima, na mtu anayeficha hatundiki, lakini wakanichukua, Hajara akanidhamini nikatoka. Shtaka, kupatikana na mali ya jeshi bila ruhusa.

Wakili nilikuwa naye, tena si wakili wa kuokota. Anaitwa Bogere, wa Jinja, baba yake marehemu alikuwa rafiki yangu wa kula sahani moja, na joho jeusi analovaa kortini nimelishona mimi, mikunjo ya mgongoni kumi na miwili, hakuna joho kama lile Uganda, nikiliona linatembea nasahau kwamba ndani kuna mtu. Siku ya kesi alikuja amechelewa, akanikuta kwenye baraza ya korti, akasema, Mzee, wakikuuliza wewe kubali tu, mambo yaishe urudi kwenye cherehani yako. Nikamwambia, Kukubali nimeshakubali, ngoja nikueleze habari ya Sebit. Akasema, Baadaye mzee, baadaye, na akaniuliza swali lake moja katika kesi nzima, kama joho linaweza kuongezwa upana kidogo kwa sababu amenenepa.

Tukaingia. Hakimu akauliza kwa mdomo wa karani kama nataka nisomewe kwa Lusoga. Nikajibu kwa sauti watu wa nyuma wasikie, Afande, Kiswahili changu kina umri kuliko karani wako, aongee tu. Watu wakacheka. Karani hakucheka. Akasoma mbio mbio, makoti manne, mari ya jeshi, ruhusa, tarehe, halafu akaniangalia akasema, Unakubali ao unakata?

Unakata, Bi Roselyn. Nimesikia kwa masikio haya mawili. Nikaona kumbe ndiyo maana nimeletwa, wananiweka pamoja na wale wa suruali za watoto! Nikasimama wima nikasema, Sikukata, afande! Nilikubali. Nilikubali kwa mikono yangu miwili!

Karani akamwambia hakimu neno fupi la Kiingereza, hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasoma habari yake, makoti manne yamekutwa kwa fundi Zubairi, hakimu akaniuliza, Ni kweli? Nikasema, Kweli tupu, manne, na vifungo ni vipya, kagua. Hakimu akamtazama Bogere. Bogere alikuwa anafungua faili la mtu mwingine, akasema bila kuinua kichwa, Ndivyo, mheshimiwa. Ikawa imekwisha. Nasikia watu nyuma wanasema, mzee amekubali kosa. Hakimu akasema adhabu ataitoa tarehe saba mwezi wa tatu akirudi likizo, na kwa sababu ya mvi zangu akaniacha nje kwa dhamana ile ile, Hajara akaweka tena kidole kwenye karatasi.

Sasa nikuambie habari ya Namono. Ni wakili, msichana wa Kigisu, anakaa Nkoma, siku ile alikuwa amekaa kortini akingoja kesi yake. Akanifuata mpaka nje.

Mzee, ulisema hukukata nini?

Nguo.

Nani alikuuliza habari ya kukata nguo?

Karani.

Akafunga macho kidogo. Akasema, Mzee, wamekuandikia kwamba umekubali kosa.

Nikasema, Nimekubali kazi.

Ndiyo hiyo ninayoiona, akasema.

Nikamwambia, Binti, nenda ukaolewe, mimi wakili ninaye na joho lake nimelishona mwenyewe. Akasema, Joho nimeliona, ni zuri sana. Mwenye joho alikuuliza makoti ni ya nani? Mimi nimenyamazishwa mara mbili katika maisha yangu, ya kwanza ni siku ya kumposa Hajara.

Huyo Hajara ndiye aliyemwita nyumbani bila kuniuliza. Nikasema, Mke, unaniletea wakili wa pili kama mke wa pili? Akasema, Ukifungwa, nani atakayenipigia kelele humu ndani? Weka sahihi achukue kesi. Nikaweka, ili wanyamaze wote wawili.

Bi Roselyn, mimi nimeshona nguo za makanali na masheikh, nimeona watu wakubwa wakiwa na chupi tu wakingoja suruali, simwogopi mtu wala simsifu mtu ovyo. Lakini mtoto yule anafanya kazi. Alikaa kwenye kigoda changu tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri ananiuliza, nani alileta, alisimama wapi, ulisema nini, akasema nini, kubali maana yake nini dukani kwako, kata maana yake nini, nionyeshe. Nikamwonyesha. Akaandika yote. Alikwenda kortini akanakili faili kwa mkono wake, akaomba ruhusa kuona makoti, akageuza kola moja baada ya nyingine, na vitambaa vyangu vimo, SEBIT, SEBIT, SEBIT, SEBIT, polisi hawajavitoa wala hawajavisoma, na Bogere hajawahi kuomba kuyaona. Anasoma karatasi kama mimi ninavyokagua mshono, anageuza nje ndani. Halafu akapanda basi kwenda Jinja kwa njia ya Tororo, njia zenyewe unazijua siku hizi, kizuizi hadi kizuizi, shuka, panda, kitambulisho, akauliza kambini, akaulizwa yeye ni nani, akauliza tena, mpaka akampata Sebit amelazwa, mguu umevunjwa na risasi. Akarudi na maandishi ya Sebit yana sahihi. Alishuka hapa kwa baiskeli ya boda boda, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, Mzee, Sebit anakusalimu, anauliza kama mkono wa koti lake umekaa sawa.

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta sindano.

Sasa shida yangu ndiyo hii. Ameandika hati ya kiapo ya kuondoa kule kukubali kwangu, nitie sahihi, na ndani ana mambo mawili. La kwanza, kwamba mimi Zubairi Kirunda sikuelewa swali. La pili, kwamba wakili wangu wa kwanza hakunieleza shtaka, hakuniuliza habari zangu, hakuangalia makoti. Nimekataa yote mawili. Nitasimama mbele ya Mbale nzima niseme Kiswahili kimenishinda, na yule karani anayesema mari ya jeshi ananichekelea? Afadhali jela. Na Bogere, nitamvua joho nililomvika mwenyewe? Baba yake aseme nini huko aliko? Namono akaniambia, Mzee, jela hakuna tuzo ya Kiswahili. Nikamjibu, Na wewe hakuna tuzo ya adabu. Akakunja karatasi zake, hakukasirika, hiyo ndiyo iliyoniuma, akasema, Nitangoja, lakini hakimu akishasoma adhabu mlango huu unafungwa. Tangu siku ile Hajara ananipa chakula bila kunisemesha. Cleophas naye ananicheka, anasema, Mzee, wewe unataka kufungwa kwa Kiswahili sanifu! Lakini barua hii ameahidi kuifikisha.

Basi mshauri, nipe maneno. Maneno ya kufuta kukubali kwangu, bila kusema sikuelewa, na bila kumtaja Bogere. Wewe unajua maneno. Ukishindwa wewe nitajua hayapo.

Mimi, Zubairi Kirunda, fundi, Namakwekwe.

*

Mzee wangu Zubairi, shikamoo.

Umeniomba nisikugombeze. Barua hiyo ungempelekea mtu mwingine.

Nimeisoma mara tatu, nukta nikizitafuta kama sindano iliyoanguka sakafuni, na kabla sijafika kwako nataka wasomaji wangu wote, wa Busia, wa Malaba, wa Bungoma na wa Mbale, wamtazame huyu Namono. Amesikia mzee asiyemhusu akisema neno moja ambalo halikukaa mahali pake. Wote waliokuwa kortini walilisikia neno hilo. Karani alilisikia, mwendesha mashtaka alilisikia, wakili wako alilisikia ikiwa masikio yake yalikuwepo. Wao waliendelea na kazi au walifungua faili lingine. Yeye aliinuka akafuata. Nimekaa miaka tisa katika ukarani wa mahakama kabla sijaandika ukurasa huu, na nakuambia watu wa namna hiyo niliwaona wachache, nikiwahesabu vidole vinabaki. Na wewe ulimwambia akaolewe! Utamwomba radhi, tena kwa kumwita wakili, si binti.

Sasa sheria. Nimemuuliza wakili mmoja ninayemwamini, na akaniambia kwamba katika jambo hili Kenya na Uganda tumelelewa nyumba moja. Katika kukubali kosa mbele ya hakimu haitoshi neno kutoka mdomoni tu. Lazima mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoifahamu, aelezwe kosa lenyewe lina nini ndani yake, na akubali yote waziwazi. Akikubali huku anajieleza kwa maneno yanayoonyesha kwamba hana kosa, hapo hajakubali. Mtu anayekiri kosa hamwambii hakimu akague vifungo. Na kabla adhabu haijatamkwa, hakimu ana uwezo wa kukuruhusu ubadilishe jibu lako. Ikishatamkwa, unabaki na rufaa, na rufaa utaingoja ukiwa ndani, ukishona nguo za wafungwa. Kwa hiyo Namono hakukutisha. Tarehe saba mwezi wa tatu ni tarehe saba.

Umetaka maneno. Mzee, maneno umeyaandika mwenyewe katika barua yako na hukuyaona, kwa sababu ulikuwa unajisifu.

Karani alitakiwa kukuuliza kama unakubali au unakataa. Akaimeza ile a ya mwisho. Wewe ukasikia "unakata," ukajibu kuhusu kukata. Swali lililofika masikioni mwako ulilijibu sawasawa, kama fundi, tena kwa ukweli. Ila lilikuwa si swali la korti. Nani kasema hapo Kiswahili kimekushinda? Mwambie Namono akate ule mstari wa "sikuelewa swali" na mahali pake aandike yale yale uliyoniandikia mimi: nilisikia hivi, dukani kwangu kukubali ni hivi na kukata ni hivi, nikajibu hivi. Neno kwa neno. Namono akisoma atafurahi kuliko wewe, maana kiapo cha aina hiyo kina nguvu. Hakimu amewasikia mia wakisema hawakuelewa. Fundi anayeeleza kwa nini alijibu habari ya mkasi, huyo hajamsikia.

Usifurahi bado. Kuna sehemu itakayokuuma, na hiyo siiondoi.

Utaandika pia kwamba uliulizwa kama unataka Lusoga, na ukakataa ili watu wa nyuma wakusikie. Usipoandika wewe, mwendesha mashtaka atalisema, na likitoka kwake litakuonyesha kama mtu anayegeuza maneno baada ya kuona jela. Likitoka kwako ni ukweli wa mzee mwenye majivuno, na majivuno si kosa la jinai, ingawa kwako yamekaribia. Naelewa yanatoka wapi. Mtu aliyepita mbele ya bunduki kwa sababu ya lugha haitoi lugha hiyo mkononi kirahisi, na mimi ningekuwa mke wako ningekipenda Kiswahili hicho. Lakini siku ile Iganga ulimwambia askari jambo la kweli lililokuwa mbele ya macho yenu wote wawili, shati limefumuka. Hukumwambia kwamba unajua kuongea. Kortini ulifanya kinyume: ulianza kwa kujitangaza, na jambo la kweli, yaani Sebit, likabaki mfukoni.

Tuje kwa Bogere. Hapa nakukasirikia kweli.

Kuwa na wakili ni haki yako, na haki hiyo si kusimamishiwa joho jeusi pembeni, hata likiwa na mikunjo kumi na miwili. Wakili ni yule anayekuuliza, anayekusikiliza, anayekwenda kutazama kile unachoshtakiwa nacho, na anayekueleza neno "kubali" lina maana gani mbele ya hakimu kabla hujalitamka. Bogere hakufanya hata moja. Alikuambia "kubali tu" kwenye baraza kama mtu anayekuambia funga mlango. Wewe unasema ukiyasema haya utamvua joho. Mzee, joho lake litabaki begani, wewe unasema alivyofanya kazi siku moja. Nguo iliyoshonwa vibaya mteja akiirudisha dukani, wewe humwiti adui. Unaifumua.

Na fikiria hili. Wiki hii kuna mtu mwingine amesimama kwenye baraza ile ile, hana cherehani, hana Hajara wa kumwitia wakili wa pili, na Bogere anapita mbio akimwambia "kubali tu." Unataka umlinde Bogere asiambiwe ili yule mtu afungwe? Marehemu baba yake, kama alikuwa rafiki wa kula naye sahani moja, hangetaka mwanawe afunguliwe macho?

Ila uungwana upo. Usimwache akayasikia kwanza mbele ya hakimu. Mpelekee ujumbe Jinja wiki hii, au Namono amwandikie kama wakili kwa wakili: haya ndiyo Mzee Zubairi ataapa, ukiwa na neno liseme. Nimeona mawakili waliokwenda wenyewe kortini wakakiri kwamba walikuwa na kesi nyingi na hawakumhudumia mteja. Si wengi, lakini nimewaona. Mpe nafasi ya kuwa mtoto wa baba yake. Asipoitumia, hiyo ni shauri yake, na kiapo chako kitabaki vile vile.

Na usije ukadhani kwamba kuondoa kukubali ni kuachiwa. Hakimu anaweza kukataa, na hapo Namono atakwenda juu. Akikubali, kesi inaanza upya: polisi watasema yao, Namono atawauliza kuhusu vile vitambaa ndani ya kola, Sebit ataletwa na mguu wake au atahojiwa huko aliko. Utashtakiwa kama inavyopasa mtu kushtakiwa, ukiwa na mtu wa kukusemea. Hicho ndicho unachokipigania, na ni kikubwa.

Basi fanya hivi. Gazeti hili likifika, usilikate. Mpe Hajara alisome kwanza, na kama hasomi msomee, mpaka mwisho, pamoja na pale nilipokusema vibaya. Halafu nendeni wote wawili Nkoma kwa Namono, usingoje aje yeye, ameshatembea vya kutosha kwa ajili yako. Kiapo kikishaandikwa upya, asomewe nani? Wewe, kwa Lusoga, mstari kwa mstari, na pale usipopaelewa useme "rudia." Hakuna atakayekucheka ofisini mle. Nenda ukitie sahihi kabla mwezi huu haujaisha, kisije kikapelekwa kortini asubuhi ya adhabu kikakuta hakimu ameshafungua daftari lake.

Siku hiyo ukifika mbele, hakimu akikuuliza unataka lugha gani, sema Lusoga. Utasikia watu nyuma wananong'ona, waache. Mkalimani akisimama, msikilize mpaka amalize. Usimsahihishe. Usimwite hakimu afande. Usieleze habari ya mikunjo, wala vifungo, wala Tabora, hayo yote Namono anayo kwenye karatasi na atayasema kwa zamu yake vizuri kuliko wewe.

Utaulizwa tena swali lile lile, na safari hii litakuwa zima. Jibu ni neno moja. Nakataa. Ukishalisema, keti.

Roselyn Akoth